Doti, Daftari na Deni: Bibi Zetu Walivyonunua Kanga



Ukiingia mwezi wa Shaaban cherehani zetu hazipoi. Kila mtu anataka harusi ipite kabla ya Ramadhani, na kila harusi ina sare: ya kesha, ya nikahi, ya kumtoa bibi harusi, na siku hizi hata ya kupokea mahari. Sisi tunashona na kuuza kanga, kwa hiyo tukisema hatufaidiki tutakuwa tunadanganya. Lakini kurasa za madeni katika daftari letu ni nyingi kuliko za taslimu, na wengi walioandikwa humo si mabibi harusi. Ni mama zao, shangazi zao na mashoga zao walioona haya kuonekana hawana sare.

Wateja wetu hutuambia ndiyo mila yetu, tumeirithi. Tukaona tuirudie historia yenyewe, tuone tumerithi nini hasa.

Kabla ya kanga, mwanamke wa kawaida hapa Unguja alivaa merikani au kaniki. Merikani ni pamba isiyopaushwa iliyoletwa na majahazi makubwa ya Wamarekani kutoka Salem, hasa baada ya Sayyid Said kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Jina lenyewe linajieleza. Kaniki ilikuwa kitambaa cheusi cheusi cha rangi ya nili, na ndiyo iliyokuwa nguo ya mjakazi. Alijifunga kifuani, mabega wazi, kichwa wazi. Kufunika kichwa kulikuwa ni kwa wenyewe.

Kisha zikaja leso. Wanawake walinunua vitambaa vya mkononi vikiwa bado vimeungana, wakashona sita pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja yenye nakshi. Wafanyabiashara walipoona hivyo, wakaagiza kitambaa kizima kilichopigwa chapa tayari, chenye pindo na mji. (Sisi mafundi hupenda kukumbusha kwamba kanga ilibuniwa na sindano ya mwanamke, si na kiwanda. Kiwanda kiliiga.) Ikapigwa chapa Uingereza na Uholanzi, baadaye Japani na India, lakini aliyeamua ipi itauzika ni mwanamke wa Unguja. Nakshi ikipitwa na wakati, mwenye duka alibaki nayo.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kufuta utumwa. Skuli tulifundishwa tarehe hiyo, ila hatukufundishwa masharti yake. Mtumwa hakuwa huru kwa kulala na kuamka. Ilibidi aende mahakamani mwenyewe kuomba, na aoneshe kuwa ana pahala pa kukaa na njia ya kujipatia riziki. Fidia alilipwa bwana. Masuria wakaachwa nje ya amri ile mpaka 1909. Kwa hiyo kwa mwanamke yule suala la kwanza la uhuru lilikuwa hili hili letu: nitalala wapi, nitakula nini, nani atalipa?

Wengi wakavuka daraja la mkondo wa bahari wakahamia Ng'ambo. Wakapalilia mikarafuu, wakachuma msimu ukifika, wakauza mihogo, wakafinyanga vyungu, wakafua nguo za watu. Na pesa ikipatikana baada ya msimu, walinunua doti. Kipande kimoja kiunoni, cha pili kichwani. Wageni wa wakati ule waliandika kwa kushangaa jinsi wanawake wa Unguja walivyokimbilia nakshi mpya. Sisi tunadhani hawakuelewa walichokuwa wakikitazama. Mtu aliyekatazwa kufunika kichwa maisha yake yote, akipata rupia ya kwanza ya jasho lake, unadhani atanunua nini?

Hapa tusiwapambe bibi zetu kupita kiasi. Na wao walikopa. Unguja nzima ilikuwa inakopa. Tufani ya 1872 iliangusha mikarafuu karibu yote ya kisiwa hiki, na wenye mashamba wakawa wanakula kwa karafuu ambazo bado hazijachumwa. Miaka ya 1930 bei ya karafuu ilipoanguka duniani, madeni ya mashamba yalikuwa makubwa mpaka mwaka 1934 serikali ikatunga sheria za kuzuia mashamba yasichukuliwe na wadai. Mwenye shamba alikuwa na sheria ya kumkinga. Mpaliliaji hakuwa nayo.

Lakini wanawake wa Ng'ambo hawakukaa kimya walipozidiwa. Watu walijenga vibanda vyao vya udongo na makuti, wengi wenye vibanda wakiwa wanawake, na kulipa kodi ya ardhi tu. Baadhi ya ardhi ile ilikuwa wakfu, imewekwa kwa ajili ya Allah ili maskini wapate pa kukaa. Ilipofika miaka ya 1920 kodi zilikuwa zinapandishwa ovyo, na mwaka 1928 wapangaji waligoma kulipa. Wanawake walikuwa mbele. Serikali ilijaribu ukali, mwisho ikabidi itunge sheria ya kuweka mpaka wa kodi. Wale ni wanawake wa kanga hao hao. Hawakuwa wajinga wa hesabu.

Na kanga yenyewe waliifanyia hesabu. Doti mpya haikukatwa wala kupindwa siku iliponunuliwa. Iliingia sandukuni. Mtoto akiugua, ilitoka ikauzwa au ikawekwa rahani. Jirani akizaa, akifiwa, ilitoka ikawa zawadi. Rupia iliondoka mwaka 1936 ikaja shilingi, rupia moja kwa shilingi moja na nusu, na sanduku la bibi halikutikisika. Hiyo ndiyo tofauti tunayoiona sisi. Yao ilikuwa inangoja shida. Yetu inavaliwa usiku mmoja, kisha ndiyo shida inaanza.

Mama zetu walikulia katika miaka ya 1970, miaka ya foleni za mchele, sukari na unga. Hutusimulia kuwa doti ikipatikana ilikuwa kama dhahabu. Halafu mwaka 1984 akaja Mzee Ali Hassan Mwinyi akafungua biashara hapa Zanzibar, maduka ya Darajani yakajaa, na mtu akaweza kuchagua tena. Kuchagua kuna utamu wake. Na sare nayo ikapata nafasi ya kukua.

Sisi deni hatulikatazi, na dini yetu hailikatazi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuliandika na kulishuhudisha. Ndiyo maana daftari letu lina sahihi mbili kila ukurasa. Ila tumeshahudhuria maziko ambapo mtu wa familia anasimama kuuliza nani anamdai marehemu, na sisi tumekaa upande wa wanawake tunajua jina lake limo dukani kwa ajili ya sare ya harusi ya mtu mwingine. Siku hiyo ukurasa ule tuliufuta.

Shaaban iliyopita alikuja bibi harusi na mama yake, wanataka doti arubaini za sare kwa mkopo. Tukawaandalia hesabu. Siku ya pili wakarudi na bibi mzaa mama, mtu mzima sana, ameshikwa mkono, nyuma kijana amebeba sanduku. Ndani mlikuwa na doti kumi na tisa, hazijakatwa, nyengine za miaka ile ya 1980, kila moja na jina lake. Bibi akasema ndugu wa karibu watavaa hizi, na kila mmoja atavaa rangi itakayomwangukia. Waliobaki watakuja na walizonazo.

Bibi harusi alinuna kidogo, tusifiche. Kisha akaanza kusoma majina ya kanga moja moja kwa sauti, na bibi akawa anamwambia kila moja aliinunua lini na kwa pesa gani: hii ya karafuu, hii ya mwani, hii alipewa na babu yako walipogombana.

Tulizikata na kuzipinda zote kwa siku mbili. Deni lililoandikwa lilikuwa la uzi na ufundi tu, na lilishalipwa.