Sambaza Alitoka Wapi? Historia ya Samaki wa Kivu na Chupa za Ruzizi



Ukiuliza watu pale Bukavu samaki wa asili wa ziwa Kivu ni yupi, wengi watakujibu bila kusita: sambaza. Ni jibu tunalolipata karibu kila mara tunapofanya usafi kando ya ziwa na pale Ruzizi inapoanzia, tukishamaliza kuokota na kukaa kidogo na vijana na wamama kuongea juu ya samaki. Jibu hilo si la kucheka. Sambaza ndiye tunayekula, ndiye anasomesha watoto wa wamama wengi wauzaji. Lakini kihistoria si kweli. Sambaza ana miaka sitini na kitu tu ndani ya Kivu. Mjini bado kuna wazee waliozaliwa mbele yake.

Leo nataka kuandika historia hiyo, juu naona mtu akiokota chupa bila kujua nani anaishi chini ya ile chupa, kazi inabaki nusu.

1. Ziwa lililogeuzwa njia

Tuanze mbali. Zamani sana maji ya upande huu yalikuwa yanaenda kaskazini, kuelekea ziwa Edward na mto Nili. Kisha volkano za Virunga zikapanda na kufunga njia. Maji yakajaa nyuma yao, ziwa likapanda, mpaka likapata mahali pa kumwagikia upande wa kusini. Mahali hapo ndipo Ruzizi inaanza, hapo Bukavu. Wanajiolojia wanasema jambo hilo lilitokea miaka elfu kumi hivi iliyopita. Kwa sayari ni kama jana jioni.

Kutokana na hayo, Kivu ni ziwa la ajabu. Maji yake leo yanaenda Tanganyika, halafu Lukuga, halafu mto Congo. Lakini samaki wake ni ndugu wa samaki wa Edward na wa Victoria. Wale wa Tanganyika hawakuweza kupanda, juu kati ya Kivu, iliyo kwenye mita 1460 hivi, na Tanganyika, iliyo kwenye mita 770 hivi, kuna karibu mita 700 za kupanda, na makorongo makali kabla ya Kamanyola. Samaki hapandi ngazi ya namna hiyo.

Tanganyika ina mamia ya aina za samaki. Kivu, hata ukihesabu wageni wote, haifiki aina thelathini. Lakini katika hizo chache kuna hazina: aina 15 za Haplochromis ambazo hazikuzaliwa mahali pengine popote duniani. Ni wale samaki wadogo wa pembeni, wa kwenye mawe na mchanga, ambao watoto wanavua kwa ndoano na kuchoma hapo hapo. Wako wanaokula wadudu, wako wanaokwangua ukijani wa mawe, yuko Haplochromis vittatus anayekula samaki wenzake. Jos Snoeks, Mbelgiji, ndiye aliyewapanga na kuwaeleza vizuri mwaka 1994. Na mwaka 2003 Erik Verheyen na wenzake waliandika kwamba ukoo wa mamia ya samaki wa namna hiyo walioko Victoria una mizizi yake upande wa Kivu. Yaani hao tunaowaona si kitu, wasomi wa dunia wanawatafuta.

Pamoja nao kuna tilapia (Oreochromis niloticus), kambale, na samaki wa jamii ya Barbus wanaopenda kupanda midomo ya mito wakati wa kutaga. Hao ndio wenyeji wa zamani.

2. Sambaza alishuka kutoka wapi?

Sehemu moja ya Kivu ilikuwa tupu: maji ya katikati, mbali na ukingo. Chakula kilikuwapo, vile viumbe vidogo vinavyoelea ambavyo macho hayavioni vizuri, lakini hakuna samaki aliyejifunza kuvila kwa wingi. Wenyeji wetu ni watu wa pembeni.

Wabelgiji waliona hilo. Mission ya Hubert Damas ya 1935-1936 ilikuwa imeshapima maji ya Kivu na kueleza tabaka zake. Baada ya vita, wakati wa ule mpango wa miaka kumi ulioanza 1949, utawala ulitaka chakula chenye protini kwa ajili ya wafanyakazi. Ndipo kati ya 1958 na 1960 samaki wachanga wa Tanganyika wakaletwa na kumwagwa Kivu. Walikuwa aina mbili: Stolothrissa tanganicae, ambaye ndiye ndakala halisi wa Uvira na Kalemie, na ndugu yake Limnothrissa miodon. Wa kwanza hakuweza kuishi. Wa pili akazoea, akazaa, akajaza ziwa. Huyo ndiye sambaza.

Angalieni mwaka: 1960. Wabelgiji wanafunga mizigo, nchi inapata uhuru, na samaki mpya anaanza maisha yake kimya kimya. Miaka mingi ilipita kabla watu hawajamvua sana, juu mitego ya zamani ilikuwa ya ukingoni. Kuanzia 1979, mradi wa FAO pale Gisenyi ulieneza uvuvi wa usiku: mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, taa inawashwa juu ya maji, wavu unateremshwa, sambaza wanafuata mwanga, wavu unapandishwa. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika, kwa sababu taa haina nguvu mbele ya mwezi. Leo usiku ukisimama juu ya mlima na kuona nyota zile ndani ya ziwa, na kusikia nyimbo za wavuvi wakipiga kasia, unafikiri ni kitu cha mababu. Kumbe ni cha juzi.

3. Onyo la 1986

Si wote walifurahi. Mwaka 1986 Henri Dumont, mwalimu wa Gent, aliandika makala akiuliza kama sambaza wa Kivu hatakuwa balaa jingine la mazingira kwa Afrika. Hoja yake ilikuwa na msingi: sambaza alikuwa amekula wale viumbe wakubwa wanaoelea mpaka baadhi yao hawaonekani tena, na Dumont aliogopa kwamba chakula kitaisha, kisha samaki mwenyewe ataanguka.

Sambaza hakuanguka. Mpaka leo anavuliwa. Lakini viumbe vile aliovimaliza havikurudi, kwa hiyo tusiseme kwamba Dumont alisema bure. Na wageni hawakuishia hapo. Tangu 2006 kuna samaki mwingine wa Tanganyika ndani ya Kivu, Lamprichthys tanganicanus, anayeshindana na sambaza kwa chakula.

4. Ukingo ndiyo nyumba

Sasa tufike kwenye takataka. Kivu ina kina cha mita 485 hivi, lakini chini ya mita sitini au sabini hakuna oksijeni. Huko chini ni gesi: metani na kaboni. Maisha yote ya samaki yako kwenye blanketi ya juu, na kwa Haplochromis na tilapia nyumba ni nyembamba zaidi: ni ule mkanda wa pembeni wenye mawe, mchanga na majani. Hapo dume anasafisha kiwanja chake. Hapo mama anachukua mayai mdomoni na kuyalinda mpaka watoto waweze kuogelea. Hata watoto wa sambaza wanakulia karibu na ukingo.

Na ni mkanda huo huo tunaoufunika. Bukavu ni mji wa milima. Mvua ikinyesha, kila sashe iliyotupwa Kadutu inatafuta mfereji, mfereji unatafuta mto kama Kawa, mto unatafuta ziwa. Kutoka ziwani, upepo na mkondo vinasukuma kila kitu kuelekea mlango wa Ruzizi. Hapo chini kidogo inasimama baraji ya Ruzizi I, inayofanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950, yaani ni mtoto wa kipindi kile kile cha sambaza. Chupa, bidoni, sandali na sashe vinajikusanya mbele yake kama zulia. Wafanyakazi wanavitoa, siku nyingine wapiga mbizi wanashuka. Mashine zikizibwa, tunapata delestaji, kisha tunatukana kampuni ya umeme mchana kutwa. Sehemu ya delestaji hiyo tuliitupa sisi wenyewe dirishani.

Sheria ipo. Dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki nchini Congo. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda ilipitisha sheria yake 2008. Ukivuka daraja unaona tofauti. Lakini ziwa ni moja, na chupa haina pasipoti.

5. "Mumetumwa na nani?"

Hapa nataka wasomi wenzangu tusimame kidogo. Tukiwa kwenye kazi, swali la kwanza tunaloulizwa na watu wazima si juu ya samaki. Muzee mmoja alituuliza: "Batoto yangu, mumetumwa na nani? Banabalipa ngapi?" Tulipomjibu kwamba hakuna aliyetutuma na hatulipwi, akatikisa kichwa, akasema: "Hiyo ni salongo, basi."

Muzee alikuwa anasoma historia kuliko sisi. Katika nchi hii, kazi ya pamoja bila malipo ina jina baya. Tangu 1917 utawala wa Kibelgiji uliwalazimisha wanakijiji kufanya kazi na mashamba ya lazima siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita, 1942, ikawa 120. Mwaka 1966 Mobutu akaja na mwito wa kukunja mikono ya shati. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikawa salongo: toka nyumbani, fagia, ng'oa majani, na asiyetoka anajua kitakachompata. Waliofagia walikuwa wadogo, waliosimamia walikuwa wakubwa. Mtu aliyeishi hayo akiona vijana wenye jembe na mifuko, anatafuta msimamizi yuko wapi.

Kwa hiyo kujitolea kunahitaji kuonekana tofauti kwa matendo. Kwetu sisi maana yake ni mambo matatu rahisi. Tusimwite mtu kwa nguvu. Tusipige picha ya mama anayeuza sambaza kama vile yeye ndiye mchafuzi. Na wenye diploma waingie kwenye matope kwanza, hotuba baadaye.

6. Neno "mwenyeji" na neno "mgeni"

Jambo la mwisho ni gumu zaidi. Siku moja tulipomaliza kueleza kwamba sambaza aliletwa, kijana mmoja akapiga kelele: "Basi arudishwe kwao Uvira!" Watu wakacheka. Lakini kicheko hicho hakikuwa chepesi, na kila mtu wa Kivu anaelewa sababu. Hapa kwetu maneno "mwenyeji" na "mgeni" yameshachoma nyumba na kumwaga damu. Hatuwezi kuyachukua kutoka kitabu cha biolojia na kuyatupa sokoni bila kuangalia yanaangukia wapi.

Ndiyo maana mimi napendelea tufundishe kwa njia ya historia. Tueleze kwamba Haplochromis naye njia yake ilitoka kaskazini, kabla moto wa Virunga haujafunga mlango. Tueleze kwamba sambaza hakujileta, aliletwa na watu wenye mpango na ndoo, na leo anabeba uzito wa kulisha miji mizima. Kumtoa haiwezekani, na hakuna mwenye akili anayetaka kumtoa. Lakini tueleze pia tofauti moja ya kweli: sambaza akipotea Kivu, bado yuko Tanganyika. Haplochromis wetu 15 wakipotea Kivu, wamepotea duniani. Hakuna ziwa la kwenda kuwaomba. Hayo si maneno ya ukabila, ni hesabu tu.

Na wakati wa kufundisha, tusilete picha za samaki wa Amazoni zilizotolewa intaneti. Tukae na wavuvi. Tuweke samaki watatu kwenye beseni lenye maji: sambaza, tilapia, Haplochromis. Tumwache mvuvi aanze, aseme anamwita nani na anampata wapi, msimu gani, maji gani. Halafu sisi tuongeze kile tulichosoma. Kazi ya utafiti iliyoanzia Lwiro na Uvira tangu miaka ya IRSAC imejaa kwenye vitabu vya Kifaransa ambavyo mama wa sokoni hatavifungua. Kuvigeuza kuwa Kiswahili cha ku beach ni deni letu sisi tuliosoma.

Wandugu, mvua za Septemba zikianza, Kawa itashuka tena na mzigo wake. Kila mmoja aangalie mfereji unaopita mbele ya nyumba yake na ajiulize unaishia kwa nani. Na wale walioko Uvira, Kalemie na Goma, mtuandikie hapa chini: kwenu samaki wa pembeni wanaitwaje, na bado wanaonekana? Majina hayo tuyakusanye sasa, wakati wazee wanaoyajua bado wako nasi.