Rais wa Ugenini katika Uwanja wa Galway



Juma hili natafakari nanyi habari za kumbukumbu iliyo mbali na kwetu, katika mji wa Galway, pwani ya magharibi ya Ireland. Msafiri ashukaye katika kituo cha treni cha mji huo hutembea hatua chache tu, akatokea katika uwanja uitwao Eyre Square. Ardhi yake ilitolewa kwa mji mwaka 1710 na Edward Eyre, aliyekuwa meya. Humo imewekwa sanamu ya kichwa na mabega ya John F. Kennedy, Rais wa 35 wa Marekani. Mwaka 1965 uwanja ulipewa rasmi jina lake, ingawa wenyeji wangali wakiuita kwa jina la zamani.

Yafaa tujiulize: kwa nini mji wa Ireland umwekee sanamu rais wa taifa jingine?

Jibu laanzia mwaka 1845, ugonjwa ulipoharibu viazi, chakula kikuu cha maskini wa Ireland. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja wakaihama nchi. Miongoni mwa waliohama alikuwamo Patrick Kennedy, kijana wa Wexford, aliyevuka bahari hadi Boston, akafanya kazi ya kutengeneza mapipa. Alifariki mwaka 1858, akamwacha mjane na watoto wadogo.

Kitukuu wa mtu huyo ndiye aliyechaguliwa mwaka 1960 kuwa rais wa kwanza Mkatoliki wa Marekani. Njia haikuwa nyepesi. Mwaka 1928 Al Smith, Mkatoliki mwenzake, aligombea akashindwa, na wengi walihofu kwamba rais Mkatoliki angepokea amri kutoka Roma. Tarehe 12 Septemba 1960, Kennedy alisimama mbele ya wachungaji wa Kiprotestanti mjini Houston, akaeleza kwamba angeamua mambo ya nchi kwa dhamiri yake na kwa manufaa ya taifa, si kwa agizo la viongozi wa dini.

Tarehe 29 Juni 1963, Sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, aliwasili Galway. Katika uwanja ule aliwaambia watu kwamba kama siku ingekuwa angavu vya kutosha, na mtu akatazama magharibi kwa macho makali, angeiona Boston na ndugu zao wakifanya kazi bandarini. Ulikuwa utani, lakini uligusa kidonda, kwa kuwa familia nyingi zilikuwa na mtu aliyekwenda ng'ambo asirudi tena. Haikutimia hata miezi mitano, tarehe 22 Novemba, Kennedy akauawa kwa risasi mjini Dallas, akiwa na umri wa miaka 46.

Ipo kumbukumbu ya pili. Kando ya mto Corrib limesimama Kanisa Kuu la Galway, lililojengwa mahali palipokuwa gereza. Lilifunguliwa tarehe 15 Agosti 1965 na Kardinali Richard Cushing wa Boston, yeye aliyemfungisha Kennedy ndoa mwaka 1953 na kuadhimisha Misa ya mazishi yake. Ndani yake, katika kikanisa cha pembeni chenye picha ya Ufufuko, imo pia sura ya Kennedy iliyotengenezwa kwa vijiwe vya rangi.

Je, ni haki mwanasiasa kuwekwa ndani ya nyumba ya sala? Swali hili si dogo. Baada ya kifo chake, wanahistoria wamethibitisha kwamba hakuwa mwaminifu katika ndoa yake. Kanisa halimtangazi mtu kuwa mtakatifu kwa sababu raia walimpenda. Mimi naona sura ile ina maana moja tu iliyo salama: huyu ni marehemu, Mkristo mwenye dhambi kama sisi, anayehitaji sala zetu na kuungojea ufufuko.

Hata hivyo shukrani nayo ni haki, nasi wa Afrika Mashariki tunayo sehemu yetu. Mwezi Julai 1960 Tom Mboya, Mkatoliki aliyesoma katika shule za misheni, alimfuata Kennedy huko Hyannis Port kumwomba msaada wa kuwasafirisha wanafunzi kwenda vyuo vya Marekani. Mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Kati ya waliosafiri mwaka huo alikuwamo Wangari Maathai, aliyepokelewa na masista Wabenediktini huko Kansas, na ambaye mwaka 2004 alipata Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Sanamu ya Galway yamheshimu mtu mmoja, lakini nyuma yake wamo maelfu waliopanda meli na ambao majina yao hayakuchongwa popote. Leo vijana wetu nao wanaondoka kwenda Ghuba, Ulaya na Marekani. Juma hili, katika sala ya familia, tuwataje kwa majina, mmoja mmoja, wote walio mbali na nyumbani.