Ekseli Iliyogeuka Mkuki

Mwaka 1971 Gary Vermeer, mwenye kiwanda katika mji wa Pella, jimbo la Iowa, alitoa mashine iliyoviringisha majani makavu kuwa robota la duara lililoweza kufikia karibu tani moja. Rafiki yake mfugaji alikuwa anataka kuacha ng'ombe kwa sababu kazi ya majani imemshinda, na mashine ile ikawa jibu. Sifa hiyo ni haki yake. Ila mimi ni fundi wa kuchomelea, mzaliwa wa Muheza, Tanzania, ninayefanya kazi Iowa, na miaka yote nimekuwa nikijiuliza jambo lililofuata: robota likishaachwa shambani, nani alilibeba, na kwa kitu gani?

Robota lililotangulia lilibebwa na mtu. Ed Nolt, mkulima wa Pennsylvania, alikuwa ameunda mashine inayookota majani, kuyashindilia na kuyafunga yenyewe, na kampuni ya New Holland ikaanza kuiuza mwaka 1940. Robota lake la pembe nne lilikuwa na kilo 20 hadi 30. Kijana wa shule alishika kamba mbili, akalisukuma kwa goti, likapanda kwenye tela. Kamba zenyewe zilikuwa za mkonge, na mkonge mwingi wa Tanganyika uliishia kusokotwa kamba za namna hiyo huko Ulaya na Marekani. Baba yangu alifanya kazi kwenye shinikizo la singa za mkonge, nami nilikua nikidhani singa zile zinakwenda kufunga meli tu. Nilipoikuta kamba ya mkonge kwenye ghala la majani huku, niliishika kwa muda mrefu.

Sasa robota la duara halina pa kushika. Mkulima aliyenunua mashine mpya alikuwa amemaliza fedha, na kwenye banda lake kulikuwa na trekta la zamani lenye kijiko cha kuzolea samadi, plau iliyostaafu na gari bovu. Kwa vitu hivyo akaanza.

Hatua ya kwanza ilikuwa uma wa samadi. Meno yake ni mafupi tena yamebanana. Ukichoma robota yanazama kidogo, kisha linateleza na kudondoka. Wakulima wakayakata ya katikati, wakaacha mawili ya pembeni na kuyarefusha kwa bomba. Wengine walichukua fremu ya plau, wakaivua majembe, wakaifunga kwenye mikono mitatu ya nyuma ya trekta, ule mfumo wa Harry Ferguson uliosambazwa na matrekta ya Ford tangu 1939. Mabomba mawili yakapita chini ya robota, nalo likakaa kati kama mtoto mbelekoni.

Kilichonivutia zaidi ni mkuki. Chuma kimoja kirefu, zaidi ya mita moja, kinaingia katikati ya robota na kulinyanyua. Bomba la kawaida hupinda. Chuma kilichofaa kilikuwa shafti ya ekseli ya lori, kwa sababu imeundwa kuvumilia kusokotwa. Wakaichonga ncha kwa jiwe la kusagia na kuichomelea moja kwa moja kwenye fremu. Baada ya msimu mmoja au miwili ikavunjika, tena mahali pale pale: upana wa kidole kutoka kwenye mshono. Mshono mzima, chuma kando yake kimekatika na uso wa mkato una chembechembe zinazong'aa. Chuma kigumu cha namna hiyo kikipata moto wa ghafla na kupoa haraka, sehemu iliyopakana na mshono huwa kavu kama kigae. Dawa ni kukipasha moto kabla, kutumia rodi zilizokaushwa vizuri, na kukiacha kipoe polepole. Dawa bora kuliko hiyo niliikuta kwenye mikuki ya zamani: fundi hakuichomelea shafti kabisa. Alichomelea kipande cha bomba nene kwenye fremu, akaichomeka shafti humo na kuibana kwa pini. Mikuki inayouzwa madukani leo nayo huchomekwa kwenye tundu na kubanwa.

Makosa mengine yaligharimu maisha. Mikono ya kijiko ikipanda, uma hulala nyuma, na robota huweza kubiringika juu ya mikono hiyo hadi kwa dereva. Matrekta mengi hayakuwa na kibanda. Kanuni ya Marekani ya fremu ya kumkinga mwajiriwa trekta likipinduka inahusu matrekta yaliyotengenezwa baada ya Oktoba 25, 1976. Yaliyokuwa yakibeba marobota kwa zana za kuunga yalikuwa ya zamani zaidi. Trekta la Farmall H, lililoanza kuuzwa 1939, kwa kawaida lilikuwa na magurudumu mawili ya mbele yaliyokaribiana ili yapite kati ya mistari ya mahindi. Ukilinyanyulisha robota kwenye mteremko, linapinduka kwa ubavu. Kwa hiyo ukikuta mkuki wa kuunga wenye mabomba yaliyosimama nyuma yake, urefu wa kifua cha mtu, ujue fundi huyo alimfikiria dereva. Wenye busara walijaza maji ya chumvi ya kalisi kwenye tairi za nyuma, wakaning'iniza pipa la zege kule nyuma, na kubeba robota chini, karibu na ardhi.

Nikirudi kwenye zile kamba, kwetu Muheza wakati huo mkonge ulikuwa umeshapigwa na kamba za plastiki, na bei ikaporomoka. Baadaye wavu wa plastiki ukachukua nafasi ya kamba kwenye marobota mengi. Wapo wafugaji wanaoshikilia mkonge hadi leo, maana ng'ombe akila kipande kinaoza tumboni, ilhali plastiki humkaa.

Mashamba yakipigwa mnada, zana hizi hutupwa kwenye rundo la chuma chakavu na kuuzwa kwa uzito. Nikiwahi, napima urefu wa mkuki, nachora jinsi ulivyofungwa, na ukiwa umevunjika naandika ulivunjikia wapi. Nimeanza kuwaomba wazee wanitajie nani aliuchomelea, na wengi wanakumbuka.