Ramani Huria

Ramani Huria ni mradi wa kuchora ramani kwa kushirikisha wakazi, ulioanzishwa jijini Dar es Salaam, Tanzania, mwaka 2015. Lengo lake kuu lilikuwa kukusanya taarifa za mitaa inayokumbwa na mafuriko, ili wakazi na serikali waweze kujiandaa. Ni mfano wa utafiti unaofanywa na wenyeji kuhusu matatizo ya mji wao wenyewe.

Usuli

Sehemu kubwa ya wakazi wa Dar es Salaam huishi katika makazi yasiyopimwa. Nyumba nyingi zimejengwa mabondeni, hasa kandokando ya Mto Msimbazi na vijito vyake. Mnamo Desemba 2011 mafuriko makubwa yaliua watu wapatao 40, na baadhi ya waathirika walihamishiwa Mabwepande.

Mwaka huohuo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi walichora ramani ya kata ya Tandale. Kazi hiyo ilifuata mfano wa Map Kibera, iliyoanza mwaka 2009 huko Nairobi, Kenya.

Washiriki

Mradi uliwakutanisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakazi na viongozi wa mitaa, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Chama cha Msalaba Mwekundu, Benki ya Dunia na shirika la Humanitarian OpenStreetMap Team. Baadaye kazi ya aina hiyo iliendelezwa na shirika la OpenMap Development Tanzania.

Mbinu

Kwanza majengo na barabara huchorwa kwenye kompyuta kutokana na picha za setilaiti au za ndege zisizo na rubani. Kisha wanafunzi na wakazi hupita mtaani kwa miguu wakiongeza yale yasiyoonekana kutoka angani: majina ya njia, visima, vyoo, shule, zahanati na mitaro. Kila mtaro hupimwa upana na kina, na huandikwa kama umeziba kwa taka.

Wenyeji huulizwa pia maji yalifika wapi katika mafuriko yaliyopita. Wajumbe wa mashina husaidia kuonyesha mipaka ambayo haimo katika ramani rasmi. Taarifa zote huwekwa katika OpenStreetMap, ambako mtu yeyote anaweza kuzitumia bila malipo.

Matumizi

Ramani hizo huonyesha nyumba zilizo hatarini, njia za kukimbilia na mahali mitaro inapohitaji kuzibuliwa. Zikiunganishwa na programu ya InaSAFE, husaidia kukadiria idadi ya watu watakaoathirika. Ramani ya namna hiyo hufaa pia wakati wa kipindupindu, kwa kuwa visima na vyoo vimo ndani yake.

Changamoto

Ramani peke yake haizuii mafuriko. Mtaro ulioonyeshwa kuwa umeziba hubaki hivyo mpaka uzibuliwe. Mji unaokua haraka huifanya ramani kupitwa na wakati. Zaidi ya hayo, taarifa za nyumba za mabondeni zinaweza kuwatia wakazi hofu ya kuhamishwa: mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba nyingi za bonde la Msimbazi ziliwekwa alama ya X na kubomolewa. Kwa sababu hiyo ni muhimu wakazi waelezwe mapema taarifa zinakusanywa kwa ajili gani.

Nje ya Dar es Salaam

Mradi wa Crowd2Map Tanzania, ulioanza pia mwaka 2015, huchora ramani za vijijini. Mkoani Mara ramani hizo zimesaidia kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji.

Mbinu hizi hazihitaji jiji kubwa. Mji mdogo unaokua, kama Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo mkoani Rukwa, unaweza kuchorwa na walimu, wanafunzi na wenyeviti wa vitongoji wenye simu janja, kabla nyumba hazijajaa kwenye njia za maji.

Tazama pia

Mto Msimbazi
Kibera
OpenStreetMap