Viza ya masomo Ubelgiji: anza na ekivalanse, siyo na viza

Kila mwaka, matokeo ya Exetat yakishatoka, maswali yanakuwa mengi: "Viza ya kwenda kusoma Ubelgiji inaombwa namna gani?" Kuna wazazi wanauza hata parseli juu ya kulipa komisioneri anayesema atapanga yote. Lakini mara nyingi kinachoangusha mtoto siyo viza yenyewe. Ni kuanza na makaratasi ya mwisho na kusahau ya kwanza.

Ya kwanza ni ekivalanse. Kwa kuingia mwaka wa kwanza katika chuo kinachofundisha kwa Kifaransa, Diploma ya Serikali ya Kongo inapaswa kutambuliwa na ofisi ya elimu ya Wallonie-Bruxelles. Faili inapokelewa mpaka tarehe 15 Julai, kwa masomo ya kuanza Septemba. Mwenye kuamka mwezi wa nane, afadhali atayarishe mwaka unaofuata.

Ya pili ni barua ya chuo inayoonyesha kama wamekupokea ao umeandikishwa.

Ya tatu ni mwenye kukulipia. Akijitolea kama garanti, anajaza karatasi inayoitwa Annexe 32. Asiisaini kama vile anasaidia jirani: anakubali kubeba gharama za masomo, za maisha, za matibabu na hata za kukurudisha Kongo. Mapato yake yatachunguzwa.

Kisha njo viza. Masomo yanapita siku 90, kwa hiyo unaomba viza D, siyo C ya matembezi. Unaongeza pasiporti, cheti cha daktari anayekubaliwa na ubalozi na, kama umefikisha miaka 18, cheti cha kuonyesha kwamba hujahukumiwa. Makaratasi ya Kongo yanapita kwanza kwenye Wizara ya Mambo ya Kigeni, halafu ubalozi unayahakikisha.

Faili inawekwa Kinshasa, na alama za vidole ni zako mwenyewe. Kwa sisi watu wa mashariki, ile ni safari ya ndege. Usipande kama karatasi moja inakosa, utalipa tiketi mara mbili.

Wanaopokea faili siyo wanaoamua. Anayeamua ni Ofisi ya Wageni kule Bruxelles, na faili ikikamilika sheria inampa siku 90. Watakuuliza kwa nini umechagua masomo yale na yatakusaidia nini. Jibu la kukariri linaonekana haraka. Wakiona lengo lako siyo kusoma, wanaweza kukataa.

Wakikataa, sababu inaandikwa. Isome vizuri. Una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa baraza la Ubelgiji linalohukumu mambo ya wageni, na unahitaji avoka anayejua sheria ya kule.

Mutu akikuambia "viza iko mfukoni, leta dola", muulize jambo moja tu: ekivalanse iko wapi? Kama hana jibu, parseli ya mzee ibaki mahali pake.