Zaidi ya Ushindi 408: Kuitathmini Upya Kazi ya Kocha Eddie Robinson

Eddie Robinson alistaafu ukocha wa futiboli ya Kimarekani mwaka 1997, baada ya kukitumikia chuo kimoja tu, Grambling State cha jimbo la Louisiana, tangu 1941. Alishinda mechi 408, akapoteza 165 na kutoka sare 15. Alipoondoka, hapakuwa na kocha wa chuo aliyewahi kufikisha ushindi mwingi kiasi hicho, na hadi leo jambo la kwanza linalotajwa kumhusu ni idadi hiyo. Makala haya yanadai kuwa idadi hiyo haitoshi kumpima. Ushindi wake ulitegemea kwa kiasi kikubwa mfumo wa ubaguzi wa rangi uliowafungia wachezaji weusi milango ya vyuo vikubwa, ilhali kazi yake ya thamani zaidi ilikuwa kuubomoa mfumo huohuo.

Robinson aliajiriwa akiwa na umri wa miaka 22, akitokea kiwanda cha chakula cha mifugo mjini Baton Rouge, alikokuwa akilipwa senti 25 kwa saa. Grambling kilikuwa chuo kidogo cha watu weusi kilichoandaa walimu. Kocha huyo alikata nyasi za uwanja kwa mikono yake, akachora mistari ya chokaa na kuwafunga wachezaji bendeji za vifundo vya miguu. Timu iliposafiri, sandwichi ziliandaliwa mapema, kwa kuwa migahawa mingi ya njiani haikuwahudumia weusi. Asubuhi alipita bwenini akipiga kengele kuwaamsha vijana waende darasani. Msimu wa kwanza alishinda mechi 3 na kupoteza 5. Msimu wa pili timu ilishinda zote 9 bila kufungwa hata pointi moja.

Vipaji vilivyoleta ushindi huo vilitoka wapi? Kwa miongo kadhaa vyuo vikubwa vya Kusini mwa Marekani havikumsajili mchezaji mweusi hata mmoja, awe hodari namna gani. Kijana mweusi wa Louisiana aliyetaka kusoma na kucheza karibu na kwao aliishia Grambling au katika chuo kingine cha aina hiyo. Robinson aliwapokea na kuwaandaa kwa ligi za kulipwa, ambazo hapo mwanzo hazikuvijali vyuo vya weusi. Mwaka 1949 Paul Younger, aliyejulikana kama Tank, alijiunga na Los Angeles Rams na kuwa mchezaji wa kwanza kutoka chuo cha weusi kuingia ligi ya kulipwa ya NFL. Mwaka 1963 Buck Buchanan aliteuliwa wa kwanza kabisa katika uteuzi wa wachezaji wapya wa AFL, ligi nyingine ya kulipwa ya wakati huo. Kwa jumla, zaidi ya vijana 200 wa Robinson walifika katika ligi za kulipwa.

Mfano unaobeba uzito mkubwa zaidi ni wa kwotabeki, mchezaji anayeongoza mashambulizi na kuamua mpira urushwe kwa nani. Nafasi hiyo ilihesabiwa kuwa ya akili na uongozi, na kwa sababu hiyo makocha wa ligi za kulipwa waliwahamisha weusi waliokuja nayo, wakawapanga kama wapokeaji au walinzi. Robinson alijibu dhana hiyo uwanjani. Alimfundisha James Harris kucheza kwa mtindo uliotakiwa na timu za kulipwa, na kumsisitizia asikubali kubadilishwa nafasi. Mwaka 1969 Harris aliuanza msimu akiwa kwotabeki wa Buffalo Bills. Zaidi ya miaka 18 baadaye, Januari 1988, Doug Williams, mwanafunzi mwingine wa Robinson, aliiongoza timu ya Washington kuifunga Denver 42 kwa 10 katika Super Bowl, fainali ya NFL. Katika robo ya pili pekee alitoa pasi nne za kufunga, na mwishowe akatangazwa mchezaji bora wa fainali hiyo. Hoja kwamba mtu mweusi hawezi kuongoza ilikosa pa kusimama.

Wapo wanaomwona Robinson kuwa mpole mno. Hakuwa mtu wa maandamano, na mwaka 1967 wanafunzi wa Grambling wenyewe waliandamana wakilalamika kuwa michezo imepewa uzito kuliko taaluma. Lalamiko hilo lina haki yake: sifa za timu haziwezi kuziba pengo la vitabu na maabara. Lakini kumwona kama mtu aliyekaa kando ya mapambano ni kukosea. Kumwandaa Harris kwa nafasi aliyokatazwa mtu wa rangi yake kulikuwa ni kuupinga ubaguzi kwa nyenzo alizokuwa nazo.

Mafanikio ya mapambano hayo yalimgharimu. Kuanzia miaka ya 1970, Alabama na vyuo vingine vikubwa vya Kusini vilianza kuwapa weusi ufadhili wa masomo. Vilikuwa na viwanja, fedha na televisheni. Grambling haikuweza kushindana navyo. Misimu mitatu ya mwisho ya Robinson, 1995 hadi 1997, yote aliimaliza akiwa amepoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. Umri wake ulichangia, lakini kuisoma misimu hiyo kama anguko la mzee tu ni kusahau kwamba wachezaji wa kiwango cha Buchanan sasa walikuwa na pengine pa kwenda, na hilo ndilo walilostahili tangu mwanzo.

Rekodi yenyewe haikudumu: John Gagliardi, kocha wa chuo kidogo cha Minnesota, aliivuka mwaka 2003. Hata hivyo heshima ya Robinson haikupungua, na hapo ndipo udhaifu wa kipimo cha mechi unapoonekana. Tunapoandika historia ya walimu wa michezo, swali la kwanza liwe ni nani aliyepata nafasi kwa juhudi zao, na nafasi hiyo ilikuwa imezuiwa na nini. Kwa swali hilo, hata misimu mitatu aliyoshindwa Robinson inastahili kuhesabiwa miongoni mwa matunda ya kazi yake.