Kiwavi wa Mashu na Dawa Zilizomshindwa

Mashu (kabichi) yanayouzwa Majengo, katika komini ya Karisimbi mjini Goma, mengine hushuka kutoka Kibumba, kwenye udongo mweusi wa volkano. Huko mkulima anapambana na kiwavi mdogo wa kijani, mtoto wa nondo aitwaye Plutella xylostella. Kiwavi huyu ana historia ndefu ya kuzishinda dawa.

Usugu wa wadudu kwa dawa ulikuwapo hata kabla ya dawa za kisasa. Mwaka 1914, mtafiti A. L. Melander wa jimbo la Washington, Marekani, aliandika kuhusu wadudu wa miti ya matunda walionusurika dawa ya salfa na chokaa. Mwaka 1939 Paul Müller, mkemia wa Uswisi, akagundua kuwa DDT inaua wadudu. Mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Lakini mwaka 1953 ikaripotiwa kutoka Java, Indonesia, kwamba kiwavi wa kabichi hafi tena kwa DDT. Mwaka 1990, huko Hawaii, ilithibitika kuwa ameizoea hata dawa itokanayo na bakteria, iitwayo Bt.

Sababu ni kwamba kila shamba lina viwavi wachache waliozaliwa na uwezo wa kustahimili sumu. Dawa huwaua wenzao, nao hubaki kuzaana. Kwenye joto kizazi kimoja huchukua takriban wiki tatu tu.

Adui za kiwavi hawana bahati hiyo. Nyigu wadogo hutaga mayai ndani ya kiwavi, na watoto wao humla akiwa hai. Dawa huwaua pia, na wanaosalimika hukosa pa kutagia. Kiwavi sugu hurudi shambani pasipo na mlinzi, mkulima huongeza dozi, na usugu hukua.

Kenya ilijaribu njia nyingine. Taasisi ya ICIPE ya Nairobi ilileta nyigu Diadegma semiclausum kutoka Taiwan, na mwaka 2002 wakaachiliwa Wundanyi, kwenye milima ya Taita. Wakaenea, na viwavi wakapungua. Nyigu hao hupenda nyanda za juu zenye ubaridi, kama za Kibumba.

Hata hivyo, nyigu hawadumu penye kupuliza dawa kila wiki. Mkulima akague majani kwanza. Akilazimika kupuliza, achague Bt, ambayo haiwadhuru nyigu kama sumu za kawaida, wala asirudie dawa ya kundi moja msimu mzima.